Geti Kali: Mke na Mume Walionunua Mtaa Mzima wa Matajiri, Wenyeji Wakaja Kushtuka Baada ya Miaka Miwili

Majina yao kapuni. Ukitafuta dakika mbili utayapata, maana magazeti ya Marekani yaliyaandika mpaka yakachoka, lakini humu ndani tunawaita Mama Mtaa na Baba Mtaa, na ukifika katikati ya stori utaona wamestahili.

Aprili 2015 hawa wawili, wakazi wa San Jose kule California, waliingia kwenye mnada wa mtandaoni wa jiji la San Francisco. Ni ule mnada wa vipande vya ardhi ambavyo wenyewe hawajalipia kodi muda mrefu. Wengi wanaoingia huko wanatafuta kiwanja au kibanda cha kukarabati. Wao wakaona kipande kimoja cha ajabu ajabu, wakaweka dau, wakashinda kwa dola 90,100. Walipokuja kuangalia vizuri walichonunua, ni barabara. Barabara nzima ya mtaa unaoitwa Presidio Terrace, na njia zake za waenda kwa miguu, na vibustani vya katikati, na miti yake.

Sasa ujue Presidio Terrace ni wapi. Ni mtaa wa duara, una mageti ya mawe na mlinzi getini, ndani kuna mijengo 35 tu, na kila mjengo ni mamilioni ya dola. Waliowahi kuishi humo ni pamoja na seneta mmoja mwanamama na kiongozi mmoja mkubwa wa Bunge la Marekani, naye mwanamama. Yaani geti kali la mageti makali. Na wenyeji wa humo hawakujua kwamba mtaa wao umeuzwa. Walikuja kujua Mei 2017, miaka miwili imepita, baada ya watu waliotumwa na Mama na Baba Mtaa kuwauliza kama wangependa kuununua tena.

Ilikuwaje? Chama cha wenye nyumba wa mtaa ule ndicho kilikuwa kinamiliki barabara tangu 1905. Jiji lilikuwa linadai kodi ya dola 14 kwa mwaka. Ndiyo, kumi na nne, bei ya mlo mmoja wa mchana kule kwao. Bili ilikuwa inatumwa kwa anwani ya mhasibu ambaye aliacha kuwafanyia kazi tangu miaka ya 1980. Bili zikaenda, hakuna aliyezilipa. Karibu miaka 30. Deni, faini na riba vikafika dola 994, jiji likasema hapana, tunauza.

Halafu Mama na Baba Mtaa wakapiga hesabu. Pembeni mwa barabara ile kuna nafasi kama 120 za kuegesha magari. Kama barabara ni yetu, wakasema, basi na nafasi ni zetu. Wakaazi wanaweza kuanza kulipa kodi ya paking. Na wao wasipotaka, San Francisco ina watu wengi tu wanaotafuta sehemu ya kuweka gari.

Hapo ndipo mji mzima ulipopasuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, siwadanganyi. Lakini nilipoanza kufuatilia historia ya hizi barabara za watu binafsi nikakuta kicheko kinaanza kukwama kooni, kwa sababu swali lililowakuta wale matajiri limewakuta watu wengi sana wasio na mjengo wala seneta jirani: gari lako limesimama juu ya ardhi ya nani, na huyo mwenye ardhi akiamka vibaya atalifanyaje?

Kwanza tuelewane, barabara inakuwaje ya mtu? Kwetu Tanzania hili linachanganya kidogo, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa haki ya kuitumia. Kule kwa wenzetu mtu anaweza kumiliki udongo wenyewe moja kwa moja, na zamani tajiri aliyekata viwanja kwenye shamba lake ndiye aliyechora na barabara. Karne ya 19 London ilikuwa na mitaa kibao ya namna hiyo. Mwenye shamba anaweka geti, anaajiri mlinzi, mikokoteni ya mizigo inaambiwa izunguke mbali. Wananchi wakalalamika mpaka bunge likapitisha sheria mwaka 1890 ya kung'oa baadhi ya hayo mageti.

Marekani wakati huohuo ndiyo kwanza walikuwa wanayajenga. Mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, ndio uliolipenda jambo hili kuliko wote. Moshi wa viwanda, kelele, watu wageni wanamiminika, matajiri wakaamua kujitenga: wakanunua eneo, wakalipanga kama mtaa mmoja, wakaandikiana mkataba kwamba barabara, taa, miti na mlinzi ni juu yao wenyewe. Portland Place na Westmoreland Place zilianza 1888 na mpaka leo zipo. Kama jina la Portland Place linakugonga kichwani, ni pale pale ambapo Juni 2020 mume na mke mmoja, wote mawakili, walitoka nje na bunduki wakawaelekezea waandamanaji waliopita getini. Ile picha uliiona, usijifanye. Utetezi wao ulianza na maneno hayo hayo: hii ni barabara binafsi. Mwaka uliofuata walikiri makosa madogo mahakamani, gavana akawasamehe.

Presidio Terrace ilijengwa 1905 kwa akili hiyo hiyo, na geti lake halikuwa la kuzuia magari. Matangazo ya mwanzo ya kuuza nyumba zile yalijitapa waziwazi kwamba ni weupe tu watakaoruhusiwa kununua, kupanga au kuishi humo. Wala haikuwa siri ya chini ya meza, ndiyo ilikuwa sifa ya biashara. Mikataba ya aina hiyo ilienea Marekani nzima, na iliendelea kuwa na nguvu mahakamani mpaka 1948, pale familia moja nyeusi ya St. Louis (mji uleule, ona dunia ilivyo) ilipofika Mahakama Kuu ya Marekani. Walinunua nyumba, majirani wakawashtaki kwa mkataba wa mwaka 1911 unaokataza weusi. Mahakama ikasema: majirani mnaweza kuandikiana mnachotaka, lakini mahakama ya serikali haitatumika kuwatekelezea huo ubaguzi.

Shika hapo. Mama Mtaa na Baba Mtaa wote wawili wana asili ya Asia. Watu wa aina yao ndio waliokuwa wamefungiwa lile geti, na mwaka 2015 wakawa wenye barabara. Ningeandika hii kwenye tamthilia mngesema nimezidisha.

Haya, tuje kwenye magari. Mwaka 1905 magari yalikuwa machache, hakuna aliyewaza paking. Mikataba ya mitaa binafsi iliandikwa ikizungumzia kupita, kwa miguu, kwa farasi, kwa mkokoteni. Kuegesha hakukuandikwa, na hiyo ndiyo mbegu ya ugomvi wote uliokuja baadaye.

Ngoja nichepuke kidogo, maana hii siwezi kuiacha. Lile gari la kuvutia magari mengine, lile mtaani tunaita brekdauni, lilizaliwa kwa huruma. Mwaka 1916 huko Chattanooga, jimbo la Tennessee, jamaa mmoja mwenye gereji aliitwa na rafiki yake ambaye gari lake limetumbukia mtoni. Walilitoa kwa kamba, magogo na watu kama sita, kazi ya masaa nane hivi. Jamaa akarudi gereji amechoka, akachukua Cadillac ya 1913, akaifungia nguzo tatu, kapi na mnyororo. Ndiyo brekdauni hiyo, na mji ule mpaka leo una makumbusho yake. Alitaka kuokoa watu waliokwama, basi. Sidhani kama aliwahi kuota kwamba miaka mia baadaye watu watalia wakiliona.

Na ile kufuli ya tairi? Hiyo ni kazi ya mpiga fidla. Usicheke, ni kweli kabisa, jamaa wa Denver aliyekuwa anapiga fidla kwenye okestra ya mji, tena fundi wa kutengeneza maumbo ya kusubia chuma. Aliibuni 1944, polisi wa Denver wakaanza kuitumia Januari 1955. Kwa hiyo mtu akikupiga mnyororo leo, mlaumu msanii.

Polisi walianza navyo, lakini wenye ardhi binafsi nao wakaona dili, na hapo mambo yakawa mabaya. Uingereza miaka ya 1990 na 2000 ilikuwa balaa. Unaegesha kwenye uwanja wa flati za watu dakika tano, unarudi, tairi limefungwa, jitu limesimama pembeni linataka pesa taslimu. Hujalipa, gari linavutwa na bei inapanda. Scotland waliikata mapema: mwaka 1992 mahakama yao ya juu ilisema kulifunga gari la mtu kwenye ardhi binafsi na kudai hela ndio ulifungue ni ulafi wa kulazimisha, na ni wizi pia, kwa sababu umemnyima mtu mali yake. Wizi! Hata kama gari halijasogea hatua moja. England na Wales walingoja miaka 20 zaidi. Sheria ikapita 2012, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo kufunga au kuvuta gari kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ikawa kosa la jinai. Badala yake wenye ardhi wakapewa njia ya karatasi, wanakuandikia tiketi na kukudai, hata kama wanajua namba ya gari tu bila kujua nani aliendesha. Wapo wanaosema walibadilishiwa simba wakapewa chui. Ila gari angalau unaondoka nalo.

California, nyumbani kwa Mama na Baba Mtaa, hawakuzuia kuvuta. Waliweka masharti. Mwenye ardhi, au chama cha wenye nyumba, anaweza kuita brekdauni, lakini lazima kuwe na kibao kwenye kila lango, inchi 17 kwa 22 au zaidi, kinasema paking ya umma hairuhusiwa na magari yatavutwa, na namba ya simu ya polisi iwepo. Kuna njia nyingine pia zisizohitaji kibao, kama gari kuachiwa onyo la maandishi na kungojewa masaa 96. Na kuna kipengele kimoja ambacho kama una ndugu kule mtumie sasa hivi: ukimkuta jamaa kashalifunga gari lako kwenye brekdauni lakini bado hajatoka nje ya eneo, analazimika kukuachia, na hawezi kukutoza zaidi ya nusu ya bei ya kawaida. Bei kamili inaanza gari likishatoka eneo lile na kuingia barabarani. Ndio maana wale madereva wanafanya kazi kama wanafukuzwa.

Umeona lakini sheria inamsikiliza nani? Mwenye ardhi. Mpangaji, mgeni, hata mwenye nyumba anayetumia barabara ile miaka 40, wote wanasimama upande mmoja wa kibao, na mwenye ardhi upande mwingine. Ndiyo maana zile dola 90,100 ziliwatia watu joto.

Wenyeji wa Presidio Terrace hawakuwa uchi kabisa, tuwe wakweli. Popote duniani ambako sheria ya Kiingereza imepita, mwenye nyumba ndani ya mtaa binafsi kwa kawaida ana haki ya kupita kwenda kwake, barabara iwe ya nani. Huwezi kununua barabara halafu ukamfungia mtu nyumbani. Tatizo ni kwamba kupita ni kitu kimoja na kusimama ni kingine. Hapa wanasheria wametoana macho kwa miaka mingi, na kesi tamu kuliko zote ilitoka mahali ambapo hakuna hata foleni ya magari: visiwa vya Shetland, juu kabisa kaskazini mwa Scotland.

Huko kulikuwa na nyumba ufukweni, chini ya mteremko mkali. Gari haliwezi kushuka mpaka mlangoni. Hati ya 1973 iliwapa wenye nyumba haki ya kupita kwenye ardhi ya jirani mpaka kufika kwao, ikanyamaza kuhusu kuegesha. Miaka ikaenda, watu wakawa wanaacha gari juu, wanashuka kwa miguu na mifuko yao, hakuna tatizo. Mwaka 1998 mahusiano yakachacha. Jirani akaanza kujenga ukuta ambao ungewaziba wasiegeshe. Mlikuwa na haki ya kupita, akasema, nani aliwapa haki ya kusimama?

Fikiria basi. Baridi ya Shetland, upepo wa bahari, unaambiwa gari lilete mpaka hapa, shusha mzigo, halafu likaache mbali huko kwenye barabara ya umma, urudi kwa miguu. Kila siku. Na mgonjwa je? Kesi ilipanda ngazi zote mpaka ikafika kwa majaji wa House of Lords kule London, na Oktoba 2007 wakatoa jibu: kwa jinsi mahali pale palivyo, haki ya kufika kwa gari haina maana bila mahali pa kuliacha hilo gari. Kwa hiyo kuegesha kumo ndani ya haki ya kupita, hata kama hati haijataja. Wenye nyumba wakashinda. Lakini majaji walikuwa waangalifu, walisema ni kwa mazingira yale. Hawakusema kila mwenye haki ya kupita ana haki ya kuegesha. Mtu wa mtaa tambarare asikimbilie kushangilia.

Miaka tisa ya kesi kwa ajili ya sehemu ya kusimamisha gari. Nadhani hao majirani hawapeani sukari.

Turudi San Francisco. Wenyeji wa Presidio Terrace hawakwenda kubishana kuhusu kupita na kusimama. Walikwenda juu zaidi: walishtaki, na pia wakaliomba baraza la wasimamizi wa jiji, madiwani wao, lifute mnada wenyewe. Hoja yao ilikuwa hatukupewa taarifa. Jiji lilijua barabara iko wapi, lingeshindwaje kutuma mtu mmoja akabandike karatasi getini? Ofisi ya kodi ikajibu kwamba kubadilisha anwani ni kazi ya mwenye mali. Mama na Baba Mtaa wakasema sisi tumefuata kila kanuni ya mnada, tumelipa, kosa letu liko wapi?

Novemba 2017 madiwani wakapiga kura. 7 kwa 4. Mauzo yakafutwa. Maana yake barabara irudi kwa chama cha wenye nyumba na wanunuzi warudishiwe hela yao.

Hapa mimi na rafiki zangu tuligawanyika. Mmoja, yeye anasoma sheria, anasema madiwani walikuwa sahihi kabisa: kumpokonya mtu mali kwa bili iliyokwenda kwa mhasibu wa zamani ni dhuluma, awe tajiri awe kapuku, na kama jiji linaweza kufanya hivyo kwa wenye mawakili, kwa bibi anayeishi peke yake litafanya nini? Hoja ni nzito, siikatai. Lakini swali langu kwake lilikuwa hilohilo la bibi. Bibi akipoteza kiwanja kwenye mnada kwa bili iliyopotea, nani atamwitia kikao cha madiwani? Wangapi wana mawakili wa kufikisha deni la dola 14 kwa mwaka mezani kwa baraza la jiji? Na kuna hili lingine. Chama kile kilifurahia umiliki wa ile barabara kwa zaidi ya miaka mia. Geti lilikuwa lao, mlinzi wao, nani aingie na nani asiingie ni wao walioamua, na kwa muda mrefu waliamua kwa rangi ya ngozi. Umiliki ule ulikuja na kazi moja tu, kulipa dola 14. Wakaisahau.

Akanijibu kwamba waliosahau kodi si walewale walioandika ule ubaguzi. Sawa, kweli, wale walishakufa zamani. Ila waliishi kwenye mtaa uleule, nyuma ya geti lilelile, na thamani ya nyumba zao imejengwa humohumo. Tukabishana mpaka chipsi zikapoa.

Mimi ningekuwa diwani siku ile ningekaa na wale wanne. Ningewaachia Mama na Baba Mtaa barabara yao, wenyeji wabaki na haki yao ya kupita, halafu wakae mezani kama watu wazima wakubaliane bei ya paking. Wana hela. Haya, nyie mngepigia kura upande gani? Na kama unaishi kwenye apatimenti au ndani ya geti, kabla hujajibu kachungulie mkataba wako uone umeandikwa nini kuhusu pale unapoegesha gari kila usiku. Mimi wangu niliufungua jana. Kuna neno kupita.